Kimya cha Banda la Mzee Sunaga

Uziwi wa Sunaga Yoshimasa haukuwa wa kila sauti. Radi aliisikia, na mkewe akimwita kula alimsikia vizuri, hata pale alipojifanya hasikii. Zilizomhama ni sauti nyembamba, nazo zilimhama moja moja, kama wageni wanaoaga karamu. Kwanza nyenje wa kiangazi walinyamaza. Kisha birika likaacha kupiga mluzi. Mwisho ikaondoka sauti aliyoihitaji kuliko zote, ule mfyonzo mwembamba wa hewa inapoingia katika mdomo wa kabureta.

Hakuwa na wa kumlaumu. Tangu ujana mpaka alipostaafu alisimama mbele ya mashine ya kukata mabati katika kiwanda kimoja mjini Kiryu, na zamani hizo mfanyakazi aliyeziba masikio kwa pamba alichekwa na wenzake. Mashine ilimpa mshahara, na mshahara ulimpa gari, Fairlady Z ya mwaka wa sabini na moja, rangi ya chungwa, pua ndefu, milango miwili tu. Alilinunua kabla hajaoa. Tatsue alipoletwa nyumbani kama bibi harusi alilikuta limeegeshwa penye nafasi nzuri kuliko yake, naye akasema, "Haya, mke mwenza nimemkuta. Angalau huyu hali wali."

Katika injini hiyo kuna kabureta tatu, vifaa vya kuchanganya hewa na petroli, na kila moja ina midomo miwili. Jumla ni midomo sita, kila mdomo na silinda yake. Yote sita isipovuta hewa kwa nguvu sawa, injini hutetemeka kama mgonjwa wa homa, hula petroli kwa fujo na kutoa moshi mzito. Kuisawazisha ni kazi ya subira. Fundi hushika kipande cha mpira, ncha moja huitia mdomoni mwa kabureta na nyingine huiweka sikioni, akasikiliza mmoja baada ya mwingine na kuzungusha skrubu kwa kiasi cha unywele, mpaka yote iimbe wimbo mmoja.

Kipimo cha kufanya kazi hiyo kipo, na vijana wote waliokuja na magari yao kwenye mikutano ya magari ya zamani kila majira ya kuchipua walikuwa nacho. Mzee Sunaga alikuwa akiwacheka. "Kipimo kina jicho," aliwaambia, "lakini kina sikio?" Maneno hayo yalipendwa mno, wakawa wanayarudia hata asipokuwapo. Kwa hiyo sikio lake lilipomsaliti, njia ya kurudi dukani kununua kipimo aliiona imejaa miiba. Mficha uchi hazai, lakini yeye aliuficha.

Aliyemgundua ni Tatsue. Siku moja alitoka jikoni akipangusa mikono, akasimama mlangoni pa banda la gari na kuinamisha kichwa.

"Baba Mihoko, huyo wa nne anapumua kuliko wenzake."

"Umeanza lini ufundi?"

"Tangu wewe ulipouacha. Sikiliza mwenyewe."

Alisikiliza, hakusikia kitu, akapunguza skrubu ya mdomo wa nne kwa hasira ili amwonyeshe kwamba amekosea. Injini ikatulia. Tatsue, ambaye alipokuwa msichana aliunganisha simu katika duka la jumla la vitambaa na kuwatambua wateja kwa namna walivyovuta pumzi, alirudi jikoni. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeketi kwenye kigoda karibu na injini akiwa na mpira sikioni, na mumewe akashika bisibisi. "Ongeza. Ongeza. Basi, umepita, rudi kidogo. Sikio la kufa wewe, nimesema kidogo!" Kwenye mikutano watu waliendelea kulisifu sikio la Mzee Sunaga, na Tatsue alikaa pembeni akila tonge lake la wali lililofungwa kwa mwani, akitabasamu kama mtu asiyejua lolote. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba, na pengine ndiyo iliyokuwa raha kubwa ya uzee wao.

Msimu wa matunda ya persimoni, Bwana Kogure alikuja kuwatembelea. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa majirani katika kichochoro chao, mtu mpole, mwenye goti bovu. Alileta mfuko wa persimoni, akakaribishwa chai, akasifu kachumbari ya figili, akasifu hali ya hewa. Kisha akaangalia kikombe chake.

"Gari lenu lina afya, Mzee Sunaga."

"Ni matunzo tu, Bwana mwenyekiti."

"Afya njema kabisa. Inafika mpaka kwa kina Hoshino. Mtoto wao bado mchanga, unajua. Usingizi wake ni wa kuazima."

Tatsue alimfinya mumewe gotini chini ya meza. Sunaga akashtuka. "Kuna aliyelalamika?"

"Ah, hakuna! Hakuna hata mmoja!" Kogure alipunga mikono kama anayefukuza nzi. "Nasema tu, kule nyuma ya stesheni kuna uwanja mzuri wa kukodi maegesho. Mwaka huu ukiisha hivi hivi, si neno. Lakini mwakani… tusizeeke tukiwa na makunyanzi kati yetu."

Alipoondoka, Tatsue alikusanya vikombe. "Umeambiwa uliondoe," alisema.

"Kasema hakuna aliyelalamika."

"Ulitaka aje na tarumbeta? Kelele zikisikika tena, gari linakwenda stesheni."

Sunaga aliujua ule uwanja. Haukuwa na paa wala bomba la maji, na kufungua injini pale kulikatazwa. Gari lisilofunguliwa, kwake yeye, lilikuwa maiti iliyosimama wima. Kupigania haki yake hakukumjia kichwani hata kidogo. Katika kichochoro kile, mtu aliyewahi kulalamikiwa hupita kando ya ukuta maisha yake yote. Alinunua boksi la maandazi ya maharage matamu, akaenda kwa kina Hoshino, akainama mlangoni mpaka mgongo ukamuuma. Mama Hoshino, msichana mdogo tu mwenye macho ya kukosa usingizi, aliinama zaidi yake. "Hapana, hapana, Mzee! Wala hatusikii kitu!" Ndani mtoto alikuwa akilia.

Basi Sunaga akaanza kulifunga banda. Alipigilia magodoro ya zamani na mazulia kwenye kuta. Mlango wa bati wa kukunja aliuzungushia kamba za mpira kotekote usiachie mwanya. Kwa kuwa alijua moshi wa injini unavyoua, alitoboa ukuta wa nyuma, akaunganisha bomba refu kwenye ekzosi na kulipitisha nje, ncha yake ikaingia ndani ya pipa lililojazwa mablanketi ili limeze sauti. Kazi ilipokwisha aliwasha injini, na Tatsue akatumwa kuzunguka kichochoro kizima kama mpelelezi.

"Ulisikia nini?"

"Nimesikia paka wa Kogure anajilamba," alisema Tatsue. "Gari, hapana."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwaka ukaisha, na gari likabaki.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, jua limewaka na upepo wa mlima Akagi umepumzika, jambo la nadra. Ukaguzi wa serikali ulikuwa unakaribia, ule ambao fimbo hutiwa ndani ya ekzosi kupima kiasi cha sumu katika moshi, na gari kuukuu lisilosawazishwa hurudishwa nyumbani kwa aibu. Sunaga aliiacha injini ipate joto. Tatsue alijifunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye kigoda chake, wakaanza. Mdomo wa kwanza mpaka wa nne ilikwenda vizuri. Tatsue akatoka kidogo kumwaga makapi ya chai, na aliporudi uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Baba Mihoko, yule mama mdogo ameanika magodoro ya mtoto. Yako kwenye ua wao wa nyuma, karibu kabisa na pipa letu."

Sunaga alikwenda kuchungulia. Kweli, juu ya ukuta mfupi unaotenganisha nyumba hizo mbili palining'inia godoro dogo lenye picha za sungura, na moshi kutoka pipani ulikuwa ukilipapasa. Huko kwao, jua la namna ile wakati wa baridi ni zawadi, na kila mwanamke mwenye mtoto hulikimbilia. Godoro la mtoto kunuka petroli ni dhambi isiyofutwa kwa boksi la maandazi.

"Tuzime," alisema Tatsue, "tumalizie siku nyingine."

"Injini imefika kwenye joto lenyewe. Tukizima, tunaanza upya. Imebaki midomo miwili tu."

"Basi nimwambie ayasogeze?"

"Umwambie nini? Aje hapa kutuomba radhi yeye?"

Hilo wote wawili waliliona haliwezekani. Nusu ya kichochoro ingejua kabla ya magharibi, na Kogure angerudi, safari hii bila persimoni. Sunaga akalivuta bomba ndani. Akafungua kidirisha cha juu, upana wa kiganja. "Dakika chache tu," alisema. Tatsue akatikisa kichwa kukubali, akachukua mpira, akautia kwenye mdomo wa tano.

Hapo ndipo kengele ya lango ilipolia. Sunaga mwenyewe hakuisikia. Tatsue ndiye aliyemwambia.

"Nenda wewe, mimi nina mafuta mikononi. Usizime, namsikia vizuri huyu."

Sunaga alitoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabana vizuri kwenye mpira, sauti isitoroke.

Langoni alikuwa Bwana Kogure, mkononi ana chungu kidogo cha kachumbari. Amekuja kushukuru. "Mzee Sunaga, umetufundisha uungwana. Mtaa umetulia kama hekalu. Mimi nilisema, Mzee Sunaga si mtu wa kuambiwa mara mbili." Akainama. Sunaga akainama zaidi. Kogure akashukuru tena, akauliza habari za Mihoko, binti yao aliyeolewa Takasaki. Sunaga akajibu, akasema, "Basi, Bwana mwenyekiti…" Kogure akakumbuka goti lake na daktari mpya aliyemtibu. Sunaga akampa pole, akasema tena, "Basi, kwa leo…" Kogure akaingia katika habari ya kufagia kichochoro majira ya kuchipua, nani mgonjwa na nani atashika zamu yake. Mtu hamgeuzii mgongo mgeni aliyekuja kumsifu. Na huku nyuma bandani hapakutoka sauti yoyote. Sunaga aliusikiliza ukimya huo kwa masikio yake mabovu na, jambo ambalo hakumwambia mtu baadaye, aliona fahari.

Aliporudi na kuufunga tena mlango, injini ilikuwa inanguruma chini chini, sawasawa. Tatsue alikuwa kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa gari na mpira umeshikwa karibu na sikio. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Sunaga alidhani anasikiliza. Akasimama kimya asimsumbue. Alisimama hivyo, mikono nyuma, mpaka kichwa chake mwenyewe kikaanza kugonga, ndipo alipoona kwamba ncha ya pili ya mpira iko sakafuni.

Aliuinua mlango wa bati kwa nguvu zote, na mngurumo ukamwagika kichochoroni kote. Kogure alikuwa hajafika hata kwake.

Hospitali ya Maebashi walimweka Tatsue katika chumba cha hewa ya mgandamizo ili kuitoa sumu ya moshi damuni, na baada ya siku chache akafumbua macho na kuuliza kama wa sita alisawazishwa. Mihoko aliyekuwa kando ya kitanda alilia na kucheka kwa pamoja. Daktari aliwaonya. Sumu hii ina tabia ya kuondoka na kurudi, alisema, mgonjwa akionekana amepona kabisa msijisahau. Walimsikia, lakini nani hulibeba onyo la daktari wakati mgonjwa wake anaomba tambi za udon?

Tatsue alirudi nyumbani. Alikata figili, alikunja nguo, alimwita mumewe sikio la kufa. Sunaga alimfuata chumba hadi chumba kama kifaranga, mpaka akafukuzwa. Ilimpendeza kufukuzwa. Gari lilikuwa limefunikwa turubai, na alikuwa amekwisha kuapa moyoni kwamba kipimo atanunua, hata vijana wamcheke vipi.

Miplamu ilipoanza kutoa maua, alimkuta Tatsue jikoni amesimama mbele ya jiko lisilowashwa, ameshika sufuria tupu.

"Unapika nini, Mama Mihoko?"

Tatsue aliisogeza ile sufuria sikioni kama mkono wa simu. "Nasubiri waniunganishe," alisema.

Kesho yake alitia viatu kwenye pipa la mchele. Wiki iliyofuata hakujua choo kiko wapi. Kisha maneno yakamwishia, si kwa ghafla, bali kama bomba linalofungwa, yakidondoka tone baada ya tone mpaka pakakauka. Akawa wa kulishwa na kugeuzwa. Macho yalikuwa wazi, na masikio, daktari alisema, hayana kasoro yoyote.

Mihoko alikuja na sanduku la nguo akakaa. Alikuwa pale siku mume na mke wa kina Hoshino walipokuja, wamevaa nguo nyeusi kana kwamba ni msiba, wakapiga magoti kwenye kizingiti.

"Ni kosa letu," alisema Mama Hoshino, paji la uso limegusa sakafu. "Yale magodoro… laiti ningejua…"

Sunaga naye akapiga magoti mbele yao. "Hapana, ni letu. Tumewasumbua kwa muda mrefu."

"Sisi ndio tuliowasumbua, Mzee."

"La, la, ni sisi…"

"Nyamazeni!" Mihoko alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, kijiko cha uji mkononi. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ile katika nyumba ile. "Nyamazeni nyote! Mama alihitaji nini? Alihitaji dawa ya bei? Alihitaji mlango ufunguliwe. Mlango tu, baba!"

Wageni waliondoka kinyumenyume wakiinama. Sunaga alibaki amepiga magoti akielekea mlango mtupu.

"Nitaliuza," alisema.

"Uza, usiuze, hilo ni lako," Mihoko alijibu, na sasa alisema polepole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mama namchukua Takasaki. Wewe huwezi kumsikia akikohoa usiku. Hilo nalo ulitaka tusilijue?"

Gari la wagonjwa lilikuja, Tatsue akabebwa akiwa amefungwa mablanketi mpaka kidevuni. Sunaga alimwinamia kumuaga. Macho ya mkewe yalimpita yakatazama ukuta.

Hakuliuza. Alijaribu kupiga simu kwa mnunuzi, lakini kila alipofikiria mtu mwingine akizigusa zile skrubu alizozungusha kwa amri ya Tatsue, aliirudisha simu mahali pake. Siku ya ukaguzi ikapita.

Jumapili moja ya majira ya kuchipua aliingia bandani asubuhi jua likiwa juu, akabandua mazulia na magodoro yote ukutani, akayarundika nje. Akauinua mlango wa bati mpaka mwisho. Akawasha injini. Mdomo wa tano na wa sita ilikuwa haijasawazishwa, na gari lilitetemeka na kukohoa, likapiga mishindo iliyogonga kuta za kichochoro kizima. Sauti hiyo hata yeye aliisikia. Akasimama uani akingoja mtu aje. Akikanyagwa na maneno, akitukanwa na Hoshino, akiambiwa na yeyote kwamba amezidi, angelivuta gari siku ile ile mpaka uwanja wa stesheni, na pengine angelala.

Bwana Kogure alipita akichechemea, ufagio begani. Ilikuwa siku ya kufagia kichochoro. Akasimama, akainama.

"Linapiga kelele, sivyo, Bwana mwenyekiti?" Sunaga alisema kwa sauti kubwa.

"Kelele gani, Mzee?"

"Hizi! Si mnazisikia? Semeni, nitaliondoa leo leo."

Kogure alitazama chini, ncha ya ufagio ikichora mchanga. "Nani atasema neno kama hilo kwako, Mzee Sunaga? Hakuna. Kaa nalo. Kaa nalo tu."

Akainama tena, chini kuliko mara ya kwanza, akaenda zake.

Sunaga aliingiza mkono ndani ya injini na kuvuta waya wa mafuta. Mngurumo ukapanda, ukapanda tena, mpaka vioo vya nyumba vikatetemeka kwenye fremu zake. Ng'ambo ya kichochoro dirisha moja lilifungwa, taratibu, kwa adabu. Kisha la pili. Hakuna aliyetoka.